JE, YAFAA TUMWACHIE MWINGINE ATUCHAGULIE RAISI?

Usiku mmoja, katika darasa yetu ya hapa Nairobi, baada ya kitabu kufungwa na kahawa kuletwa, mzee wetu mmoja alituuliza suali ambalo hatukuweza kulijibu papo hapo. Mzee huyu ni mzaliwa wa Mombasa, na amekuwa na duka lake Kawangware kwa miaka mingi. Alisema: "Mimi nimekwenda kupiga kura ya Raisi kila mara tangu mwaka 1992, na mara mbili kura hiyo imenirudia ikiwa moto. Duka langu lilichomwa Januari 2008, likachomwa tena Oktoba 2017. Ziko nchi ambazo wabunge hukaa wakamchagua Raisi kwa siku moja, na kesho yake watu wakaenda sokoni. Sisi tuna haja gani ya kumchagua wenyewe?"

Baadhi yetu walicheka, walakini yeye hakucheka. Tulipokuwa njiani kurejea majumbani tuliona haya. Suali la mtu aliyeunguliwa mara mbili halijibiwi kwa kicheko. Kwa hivyo tumeona yatupasa kulitia suali hili katika karatasi yetu, tulipime kwa akili na kwa mizani ya dini, kisha tuseme lile tunaloliona kuwa ndiyo haki. Na wasomaji wetu wa Mombasa, Lamu, Malindi na kwengineko, wakiona tumekosa, watusahihishe.

NJIA MBILI

Kwanza tuelewane. Raisi hupatikana kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni raiya mwenyewe kuweka alama yake mbele ya jina la amtakaye, na kura zote za nchi zikahesabiwa pamoja. Njia ya pili ni raiya kuwachagua watu, na watu hao ndio wakamchagua Raisi. Katika njia hii ya pili raiya hakunyimwa sauti, ila sauti yake hupita katika kinywa cha mwingine.

Wala njia ya pili si jambo la ujinga. Afrika Kusini Raisi huchaguliwa na Bunge. Marekani wako wajumbe 538, na apataye wajumbe 270 ndiye Raisi. Botswana kila mgombea wa ubunge hutangaza mbele ya watu ni nani amtakaye kuwa Raisi, kisha mwenye wabunge wengi zaidi ya nusu ndiye ashikaye dola. Na kwa njia hiyo, mwaka 2024, chama kilichotawala Botswana tangu uhuru wa 1966 kilishindwa, Raisi mpya akaapishwa tarehe 1 Novemba, siku mbili tu baada ya kura kupigwa, wala hatukusikia duka lililochomwa. Haya twayasema mapema ili mzee wetu asije akadhani kuwa tumeificha hoja yake iliyo bora.

SISI WENYEWE TULIKUWA NAYO

Wengi katika vijana wetu hawajui kuwa Kenya nayo ilianza na njia hii ya pili. Nchi ilipogeuka Jamhuri tarehe 12 Disemba 1964, mwezi mmoja baada ya Bwana Ronald Ngala na wenzake kukivunja chama cha KADU na kuingia KANU, Katiba iliagiza kuwa mgombea wa ubunge atamtaja mtu amwungaye mkono kuwa Raisi, na Raisi atapatikana kwa wingi wa wabunge. Na kiti cha Raisi kikiwa wazi kabla ya wakati, wabunge ndio watakaokijaza. Yaani sheria ilifanana mno na ile ya Botswana.

Lakini jambo la kushangaza ni kuwa njia hiyo haikutumika hata mara moja. Mzee Jomo Kenyatta, aliyekuwa Waziri Mkuu, alikuwa Raisi kwa sheria yenyewe iliyoianzisha Jamhuri. Kabla ya uchaguzi mkuu mwingine kufika, Katiba ikageuzwa mwaka 1968. Wabunge wakaondolewa haki ya kujaza kiti, ikaamrishwa kuwa kikiwa wazi Makamu wa Raisi atakishika kwa siku 90, na kuwa Raisi atachaguliwa na raiya.

Msomaji aweza kusema: Alhamdulillahi, raiya amerejeshewa haki yake. Naam, amerejeshewa katika karatasi. Kwani mwaka 1969 mgombea wa Uraisi alikuwa mmoja, naye akapita bila kupingwa. Hali ikawa hiyo hiyo mwaka 1974. Mzee Kenyatta alipofariki Mombasa tarehe 22 Agosti 1978, Bwana Daniel arap Moi alikishika kiti kwa zile siku 90, naye akapita bila kupingwa, na hivyo hivyo 1979, 1983 na 1988. Mkenya hakupata karatasi yenye majina mawili ya watakao Uraisi mpaka tarehe 29 Disemba 1992. Kwa muda wa miaka 28 raiya hakumchagua Raisi kwa njia ya kwanza wala kwa njia ya pili.

Basi hili ndilo funzo la kwanza, nalo ni funzo kubwa. Haitoshi kuuliza njia ipi imeandikwa. Twapaswa kuuliza pia: aliye na uwezo wa kuchagua, je, anaweza kukataa? Mtu akiletewa jina moja akaambiwa chagua, hakuchagua. Amepiga muhuri tu.

HOJA YA MZEE WETU

Sasa tuitazame hoja ya mzee wetu mahali palipo na nguvu zaidi, nao ni mwezi wa Januari 2008.

Uchaguzi ulifanywa tarehe 27 Disemba 2007, na matokeo yakatangazwa katikati ya mji wa Nairobi, katika jumba la KICC. Kabla ya usiku kuingia moto ulikuwa umekwisha kuwaka. Kibera, Kangemi na Kawangware, mitaa ya magharibi ambayo wengi wetu twakaa karibu nayo, jirani alimkimbia jirani. Reli itokayo bandarini kwetu Mombasa kwenda Uganda iling'olewa pale ipitapo Kibera. Tume iliyoongozwa na Jaji Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa katika nchi nzima, na waliohama makwao walikuwa mamia ya maelfu.

Katikati ya msiba huo, tarehe 15 Januari 2008, Bunge jipya likakutana kumchagua Spika. Walikuwa ni wanasiasa wale wale, wa vyama vile vile viwili, wenye hasira zile zile. Walipiga kura mara tatu mpaka usiku, na mara ya tatu Bwana Kenneth Marende akapata kura 105 na Bwana Francis ole Kaparo akapata 101. Aliyeshindwa akakubali, na aliyeshinda akaketi kitini. Baina ya jumba la Bunge na nyumba za Kibera ni mwendo wa saa moja au zaidi kidogo kwa miguu. Na siku ile kulikuwa na amani huku, na vita kule.

Mzee wetu atasema: Mnaona? Kura nne tu zilikuwa baina yao, wala hapana kichwa kilichopasuka. Lau wangelikuwa wakimchagua Raisi badala ya Spika, mimi ningelikuwa na duka langu.

Hii ni hoja nzito. Anayeipuuza hajawahi kusimama mbele ya mlango wake akauona majivu.

KILICHOONEKANA BUNGENI SIKU ILE

Walakini tuitazame siku ile ile tena, kwani ina jambo jingine. Wabunge wa upande mmoja hawakutaka kura ya siri. Walibishana sana, kisha wengi wao wakazionyesha karatasi zao wazi wazi kabla ya kuzitia sandukuni, ili wenzao waone jina walilolitia alama. Kwa nini? Kwa sababu walijuana. Walikhofu kuwa katika wao wamo ambao, lau wangelifichwa na pazia, wangeliuza kura zao. Ikiwa wabunge wenyewe hawakuaminiana kwa jambo la Spika, sisi raiya tutawaaminije kwa jambo la Raisi?

Na hili si la chama kimoja wala la siku moja. Mapema mwaka 2021, mabunge ya kaunti yalipokuwa yakikaribia kuupigia kura mswada wa kuigeuza Katiba ulioitwa BBI, wawakilishi wa kaunti walikubaliwa ruzuku ya shilingi milioni 2 kila mmoja ya kununulia gari. Wao walisema ni haki yao waliyoidai zamani, na sisi hatuna elimu ya yaliyomo nyoyoni. Lakini kila mwenye macho aliiona saa ambayo haki hiyo ilikumbukwa.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Mwaka 2022 waliompigia kura Bwana William Ruto walikuwa 7,176,141, na waliompigia Bwana Raila Odinga walikuwa 6,942,930. Tofauti baina yao ni zaidi ya watu 230,000. Mwenye kutaka kuipindua tofauti hiyo kwa fedha ana kazi kubwa, na siri yake itawapitia watu wengi. Lakini katika nyumba yenye watu mia mbili na kitu, huenda wanne wakatosha. Wanne hukaa katika gari moja.

Na je, njia ya wajumbe huleta amani kila mahali? Marekani wanayo kwa zaidi ya miaka 200. Mwaka 2000 na mwaka 2016 aliyepata kura nyingi za watu hakuwa Raisi. Na tarehe 6 Januari 2021, siku ya kuzihesabu kura za wajumbe, watu walivunja milango na madirisha ya Bunge lao wakaingia kwa nguvu. Somalia nayo, wabunge walimchagua Raisi tarehe 15 Mei 2022 katika kiwanja cha ndege kilichozungukwa na askari, baada ya watu kupigana kwa bunduki katika njia za Mogadishu mwezi wa Aprili 2021 kwa sababu ya uchaguzi kucheleweshwa. Moto haujui sheria ya uchaguzi. Huwaka popote ambapo watu wameona kuwa wamedanganywa.

WAKALA NA AMANA

Hata hivyo hatutaki kumjibu mzee wetu kwa aibu za wanasiasa tu. Suali lake lina mzizi wa ndani zaidi: je, kumchagua mtawala ni jambo ambalo mtu anaweza kumwachia mwingine?

Sisi twasema anaweza. Wakala ni jambo linalojuikana katika dini yetu. Mtu humwakilisha mwenziwe kuuza, kununua, hatta kuoza. Na tarikhi yetu ina mfano ulio bora wa wachache waliomchagua mtawala kwa niaba ya wengi. Sayyidna Umar (R.A.) alipojeruhiwa aliwataja watu sita, akawaachia washauriane wamtoe mmoja wao. Mmoja katika hao sita alikuwa Abdur-Rahman bin Auf. Naye alifanya mambo matatu ambayo twawaomba wasomaji wetu wayashike.

La kwanza, alijitoa. Alisema yeye hautaki ukhalifa, na kwa sababu hiyo wenziwe wakamwamini kuchagua. La pili, aliuliza. Wanachuoni wa tarikhi wamesimulia kuwa alikesha akizunguka Madina akiwauliza wakubwa na wadogo, mpaka wanawake katika nyumba zao na wasafiri waliopita. La tatu, alitangaza uamuzi wake msikitini mbele ya watu wote, si katika chumba kilichofungwa, na watu wakatoa baia zao kwa mikono yao wenyewe.

Basi hii ndiyo mizani. Mchache achaguaye kwa niaba ya wengi, kwanza asiwe na faida yake mwenyewe katika uchaguzi huo. Pili awaulize aliowawakilisha. Tatu afanye jambo lake dhahiri. Akikosa la kwanza ni mfanyi biashara. Akikosa la pili ni mwizi wa sauti. Akikosa la tatu, hatujui ni nani, kwa sababu hatumwoni.

Tuwatie wabunge wetu katika mizani hii bila ya chuki. Je, wamejitoa? Katiba ya 2010 ilikataza mbunge kuwa waziri, na hilo ni jambo jema. Lakini lau kura ya Raisi ingelikuwa mikononi mwao, kila kura ingelikuwa na bei, na bei yenyewe ingelikuwa ni cheo kwa ndugu, zabuni kwa rafiki, au barabara kwa kijiji. Je, huuliza? Wengi wetu twamwona mbunge wetu mwaka wa uchaguzi na siku za mazishi. Je, twaweza kumwuzulu akituhaini? Katiba, katika kifungu cha 104, yasema raiya ana haki ya kumwita mbunge wake arudi kabla ya muda wake kwisha. Lakini tangu 2010 hapana mbunge hata mmoja aliyeondolewa kwa njia hiyo. Na wakili ambaye mwenye mali hawezi kumwondoa hawi wakili tena. Huwa ndiye mwenye mali.

Msomaji wa Pwani hahitaji kufundishwa jambo hili. Mwaka 1961 Bwana Robertson alitumwa kuja kuyasikiliza maneno ya watu wa Mwambao, na mwezi wa Oktoba 1963 mkataba wa Mwambao ukatiwa saini London. Hatuandiki haya ili kufungua jaraha iliyofunga, wala hatusemi kuwa uamuzi ungelikuwa mwingine. Twasema tu kuwa mwenyeji wa Mombasa, awe ametaka hili au lile, hakupewa karatasi ya kura akaulizwa juu ya jambo lile. Na mpaka leo, miaka zaidi ya 60, wako wazee barazani ambao hawalalamikii sana lile lililoamuliwa kama wanavyolalamikia kutoulizwa. Hasara ya mtu kupata asilolitaka hupoa. Hasara ya kutoulizwa hurithiwa na watoto.

"WATU WENGI HAWAJUI"

Iko hoja nyingine ambayo mzee wetu hakuitoa, lakini twaisikia katika majumba ya watu waliosoma, khasa upande wa Westlands na Lavington. Husemwa: raiya wengi hawajui, huchagua kwa kabila, au kwa shati walilopewa, afadhali wachague wachache wenye kujua.

Hoja hii twaijua tangu zamani, na twamjua aliyeileta. Mwaka 1957 Waafrika wa Kenya waliporuhusiwa kuwachagua wajumbe wao wa Baraza la Kutunga Sheria, serikali ya Kiingereza ilitia sharti za elimu, mali na utumishi. Mtu mmoja aliweza kuwa na kura mpaka tatu, na jirani yake asiwe na hata moja. Mwenye kura tatu na asiye na kura walilipa kodi, na wote walitii sheria moja. Wazee wetu waliiona dhulma hiyo wakaikataa. Itakuwa aibu sisi kuirudisha kwa mlango wa nyuma baada ya kuitoa kwa mlango wa mbele.

Na tena, huyo mwenye kujua hujua nini? Hujua namna serikali iendeshwavyo. Lakini mama auzaye mboga Kangemi hujua ni nani alaye rushwa katika soko lake, na ni sheria ipi imewafungia watoto wake mlango. Elimu hii haipatikani chuoni. Kura yake ndiyo njia ya pekee ya kuifikisha elimu hiyo mahali ambapo yeye mwenyewe hawezi kuingia.

UGONJWA WENYEWE UKO WAPI

Ikiwa njia ya kura ya moja kwa moja si ugonjwa, basi kilichomchomea mzee wetu duka lake ni nini? Sisi twaona ni mambo matatu.

Jambo la kwanza ni hesabu isiyojulikana. Tume ya Jaji Kriegler, iliyoutazama uchaguzi wa 2007, ilisema kuwa ujumlishaji wa kura uliharibika hatta haiwezekani kumjua aliyeshinda. Kura zilitoka vituoni zikasafiri, na katika safari zikapotea njia. Ndipo kidogo kidogo mambo yakatengenezwa. Tarehe 1 Septemba 2017 Mahkama ya Juu iliufuta uchaguzi wa Raisi kwa sababu haukuendeshwa kwa kufuata Katiba na sheria, jambo ambalo halikuwahi kutokea katika Afrika. Na mwaka 2022 fomu za matokeo za vituo zaidi ya 46,000 ziliwekwa hadharani ili kila mtu ajihesabie. Wakuu wanne wa Tume ya Uchaguzi waliyakataa matokeo, kesi ikaenda mahkamani, na tarehe 5 Septemba ikaamuliwa. Hatusemi kuwa nchi imekuwa pepo; maandamano yalirudi 2023 na watu wakafa. Lakini usiku ule wa matokeo ya 2022, kwa rehema za Mwenyezi Mungu, duka la mzee wetu lilifunguliwa kesho yake kama kawaida.

Jambo la pili ni ukubwa wa tuzo. Ambapo kiti kimoja kina kila kitu, watu watakipigania kwa kila kitu, wawe wapigaji kura ni milioni 20 au ni mia mbili. Ndiyo maana rasimu iliyotungwa Bomas mwaka 2004 ilitaka kuligawa jambo hilo, sehemu kwa Raisi na sehemu kubwa kwa Waziri Mkuu, mpaka kamati ya wabunge iliyokaa Naivasha Januari 2010 ilipoliondoa. Kilichobaki ni serikali za kaunti 47, na Katiba inamlazimu Raisi apate zaidi ya nusu ya kura zote, na robo ya kura katika kaunti zisizopungua 24. Hii ni dawa, ingawa haijatosha. Mwenye kutaka amani ya Kawangware na apunguze urefu wa kiti, asipunguze idadi ya wachaguao.

Jambo la tatu ni sisi wenyewe. Kijana aliyeshika kiberiti hakuwa mbunge. Alikuwa mtoto wa mtu, na aliyemwambia maneno ya chuki alikuwa mtu mzima mwenye kusali au mwenye kwenda kanisani. Na aliyepokea shilingi mia mbili akauza kura yake, ana hoja gani ya kumlaumu mbunge auzaye yake kwa milioni? Wizi ni mmoja. Mizani ya akhera haitazami ukubwa wa noti.

TUNALOLIONA

Kwa hivyo jawabu yetu kwa mzee wetu ni hii. Njia ya kuchagua kwa kupitia wajumbe si haramu, wala si batili kwa asili yake. Ikija siku Wakenya wakataka kuirejesha, basi na iwe kwa sharti ile iliyoandikwa 1964 na inayofuatwa Botswana: mgombea wa ubunge atangaze mapema ni nani atakayemchagua, asiweze kugeuka baadaye, ili raiya ajue kura yake inakwenda wapi. Wakala wa namna hiyo ni mjumbe aliyepewa barua. Ama kuwapa wabunge barua tupu wajiandikie wenyewe, hilo sisi hatulioni kuwa ni haki, wala hatuoni kuwa lingeleta amani. Na maadamu wabunge wetu hawajajitoa, hawajauliza, na hawajazoea kufanya mambo yao dhahiri, kura ya Raisi na ibaki mkononi mwa raiya, pamoja na uzito wake wote.

Tulimsomea mzee wetu maneno haya kabla ya kuyapeleka kupigwa chapa. Alisikiliza mpaka mwisho akakaa kimya, kisha akasema: "Nyinyi mmesema kweli, lakini kweli yenu haiezeki duka." Hatukuwa na jawabu. Twakiri kuwa haki ya kuchagua ina gharama, na kuwa gharama hiyo hailipwi sawa sawa. Hulipwa zaidi na mwenye duka la mabati Kawangware kuliko mwenye nyumba ya ukuta mrefu. Basi wale wote waitakao haki hii wana deni kwa waliounguliwa. Mwenye nafasi siku ya uchaguzi na akae kituoni mpaka fomu ibandikwe mlangoni, aisome na aiandike. Imamu na maalimu na awakataze vijana maneno ya kabila kabla ya moto, si baada yake. Na mwenye mali na asingoje serikali imfidie jirani yake.

Wakati tulipokuwa tukiagana, mzee aliuliza kituo chake cha kupigia kura kimehamishwa au bado ni pale pale. Tulimwambia bado ni pale pale, katika skuli iliyo karibu na stendi. Akasema, basi Inshallah atakwenda mapema.

Mwenyezi Mungu atuonyeshe haki kuwa haki atuwezeshe kuifuata, atuonyeshe batili kuwa batili atuepushe nayo, na autie nchi yetu amani. Amin.